Mvua Tano za Ernest

Jumapili, 5 Januari 2025

Mama mkwe amefika toka kijijini na watoto watatu wa marehemu shemeji Gaudence. Mama yao, Priska, ameolewa tena Iringa — watoto wamebaki kwa ukoo, yaani kwangu mimi. Anitha, Obedi na kitinda mimba Ernest. Nimefua, nimepika, nimefua tena. Maji yamekatika. Mume wangu Octavian yuko Mtera kikazi, kama kawaida yake mambo yakianza.

Jumatatu, 6 Januari

Shule ya hapa Nzuguni wanataka umri wa kila mtoto. Cheti hakuna hata kimoja. Nikamwuliza mama mkwe. Akanitazama kama nimemtukana — kwao watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe. Nimechoka, sikutaka ubishi. Nikabembeleza.

Mwisho akakubali kwa kuzunguka. Anitha kamzidi Obedi mvua mbili. Obedi kamzidi Ernest mvua tatu. Na Anitha ameona mvua mara mbili ya alizoona Ernest. Basi, akarudi kuchambua mlenda. Haya! Mvua kwake ni mwaka, maana huku msimu ni mmoja tu.

Jumanne, 7 Januari

Akili imelala kabisa. Fumbo nimelipeleka ofisini. Abubakari wa meza ya jirani kalifumbua kabla chai haijapoa. Mkubwa na mdogo wamepishana miaka mitano. Mkubwa ni mara mbili ya mdogo. Basi mdogo mitano, mkubwa kumi, wa kati minane. Akaomba jingine. Nimefurahi kijinga. Ernest hajafikia darasa la kwanza, ataanza awali.

Jumatano, 8 Januari

Nilikuwa nasonga ugali, ikanijia. Mitano? Gaudence tulimzika kiangazi cha 2017!

Ugali umeungua. Nimehesabu upya, kwa vidole. Labda mama mkwe kasahau mvua moja, labda hii inayonyesha sasa hajaitia. Hata nikivuta vipi, haifiki. Mtoto kazaliwa 2020, au 2019 nikijihurumia. Baba yake alikuwa kaburini zamani.

Alhamisi, 9 Januari

Leo sikuzunguka. Nimemwuliza mama mkwe Ernest ni wa nani. Hakushtuka hata kidogo. Ni wa Gaudence, amesema, na atabeba jina la Gaudence. Kwao mjane haachwi hivi hivi. Ndugu anasimama mahali pa ndugu yake, na mtoto ni wa aliyelala.

"Octavian hakukuibia kitu, mkwe wangu. Alimzalia kaka yake."

Kumbe alidhani najua! Miaka yote hii alidhani mwanawe aliniambia, nami nikaridhia. Kijijini amekuwa akinisifia: mke wa Octavian, mtu wa Bukoba, lakini ana moyo mpana. Na watu wakaitikia. Kumbe wote wanajua isipokuwa mimi mwenye moyo mpana.

2020 ndio mwaka mimba yangu ya pili ilipotoka. Octavian hakuwepo — alikwenda kuangalia ng'ombe wa marehemu. Nilimwonea huruma kwa safari zile, nikamfungia chapati za njiani. Nina hasira. Halafu nachoka hata na hasira yenyewe.

Ijumaa, 10 Januari

Kazini. Usingizi. Ernest kalowesha kitanda, nimeanika godoro.

Jumamosi, 11 Januari

Octavian amerudi na perege wa Mtera, mafungu mawili. Kawapa watoto mikate. Ernest anamwita baba mdogo, kama alivyofundishwa, na yeye anaitika tu, bila aibu. Nikakaanga samaki. Nikapakua. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu juzi, yote yamepotea.

Tulipokaa mezani nikasema, "Mitano."

Hakuuliza mitano ya nini. Aliacha tonge kwenye sahani.

"Nani kakwambia?"

Nikainuka. Nimejifungia chumbani. Ernest kanifuata nyuma kabla sijafunga, kasinzia mapajani kwangu na harufu ya samaki mikononi, sina hata nguvu ya kumhamisha. Octavian yuko mlangoni. Evodia, anasema, fungua tuongee. Nimemjibu mtoto kalala.

Bado anagonga — lakini sasa polepole, asimwamshe.