Matuta ya Témoin

Siku ya posho, 23/3/2024

Tumepanda. Mikono inauma, mugongo unauma, mpaka kucha. Matuta ya kulia tumetia mbolea yetu, mavi ya kobaye, wale wanyama wadogo kama sungura, iliyolala na majani mpaka ikaoza vizuri. Matuta ya kushoto hatukutia kitu. Ile njo témoin, ya kulinganisha. Maharagi ni ya namna moja, udongo ni ule ule, pale nyuma ya institut. Tukivuna tutapima mizani, tujue mbolea inaongeza kiasi gani. Mémoire yangu yote, kitabu cha kumaliza masomo, ni hiyo. Nikiandika hivi inaonekana rahisi.

CT Kanyamibwa, mwalimu anayeniongoza, alipita na mwavuli wake. Akasema: Kahambu, témoin usiiguse. Nikamujibu: ndiyo CT, hata na kidole.

Epiphanie anacheka. Yeye njo mwenzangu wa chumba na wa biashara ya mbolea, makobaye za kwanza zilitoka jikoni kwa mama yake. Anasema: umekuwa prezida wa wanafunzi, umekuwa mama wa mbolea, sasa umekuwa mutafiti, na kupika utapika saa ngapi? Kumbe leo ilikuwa zamu yangu. Tulikula avoka na mukate.

Siku ya tatu, 10/4

Réunion ya komite ya wanafunzi. Nilipoomba kura niliahidi kila mwanafunzi atakuwa na kazi ya mikono yake, asikae kungojea diploma. Sasa kazi imepatikana. Karibu kila chumba kuko kobaye. Hakorimana, mukubwa wa salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, anazifuga chini ya kitanda, anasema zinalia kuliko mutoto. Mavi wanaleta kwetu, tunaiozesha pamoja, tunafunga mu mifuko. Wananiita Mama Prezida. Niko na miaka makumi mbili na tatu, lakini ninaitika.

Nilipita ku shamba. Upande wa mbolea ni safi, mimi na Epiphanie tumelima majani ya magugu pale. Upande wa témoin, wee! Majani imepanda mpaka maharagi inatafutwa. Roho yangu ilifurahi. Nikasema: tofauti itaonekana hata na kipofu.

Siku ya posho, 20/4

Niko Mpofi kwa Papa. Fuso yake ilikuwa inashuka, nikapanda juu ya mizigo na mifuko yetu ya mbolea. Papa aliziweka mbele ya duka, karibu na chumvi, mahali kila mutu anapita. Anawaambia wateja: hii ni akili ya mutoto wangu. Papa alitoka Butembo na baluti moja ya nguo za mutumba, masomo hakumaliza. Sijawahi kumusikia anajisifu juu yangu. Nilijifanya ninapanga sabuni.

Siku ya kwanza, 22/4

Sijui niandike nini.

Nimerudi. Nikaenda ku shamba hata kabla ya kunawa. Témoin yote imelimwa. Hakuna jani hata moja! Udongo umepandishwa ku miguu ya maharagi, majani imepangwa pembeni kama kitanda cha harusi.

Hakorimana alinikuta pale, na wenzake wa salongo nyuma yake, wote wanacheka. Akaeleza: siku ya posho walikuwa wanafyeka nyuma ya institut, wakaona shamba la prezida wao limeliwa na majani. Akasema walisikia haya. Watu wanapita ku barabara, watasema nini? Kwao, jirani akizidiwa na majani haungoji akuite, unaingia na jembe. Wakaingia.

Wote wananiangalia, wanangoja. Nikasema aksanti. Nikasema tena aksanti sana. Kisha nikaenda ku choo nikalia.

Epiphanie ananiuliza: unalia juu ya hasira ao juu ya nini? Wamekupenda. Ni kweli. Lakini wameniua.

Siku ya ine, 25/4

Kwa CT. Nilienda na shauri langu lote: témoin imeguswa, nianze tena, ao nifanye nini? Akanisikiliza. Akauliza: na wewe, juu ya nini ulikuwa hauilimi majani? Nikamuambia: CT, ulisema nisiiguse.

Aliniangalia. Akatoa lineti ku macho. Akacheka mpaka machozi. Akasema: usiiguse na mbolea, mama! Majani unalima pande zote sawasawa. Bila hiyo unapima jembe, haupimi mbolea.

Hapo nilitamani udongo unimeze. Donc wanafunzi hawakuharibu, walitengeneza? Waliharibu kosa langu? Na nilikuwa nimeshapanga kusimama mbele ya ukumbi niwaeleze kwa ukali utafiti ni kitu gani! Nafurahi sikufungua kinywa.

CT anasema tuendelee, tutaona mavuno. Sasa ninalima pande zote mbili. Ninaogopa mavuno na sijui juu ya nini.

Siku ya tano, 28/6

Tumevuna, tumekausha, tumepima.

Ni sawa.

Epiphanie akasema mizani ni mubovu. Tukaenda kuazima ya mama mumoja wa soko. Tukapima tena, kulia, kushoto. Ni sawa. Mbolea imeshinda kidogo sana, kitu ya kiganja. Ukipiga chafya ukamwaga kidogo, wameshalingana.

Tulikaa chini mu maganda. Epiphanie akasema polepole: usiambie mutu kwanza. Nilikuwa ninafikiri ile mifuko ya Mpofi.

Siku ya pili, 2/7

CT anasema kuko njia mbili. Ya kwanza: niandike témoin ilivurugwa na watu wengine, niiache kando, nilinganishe mavuno ya mbolea na yale ya wakulima wa hapa yanayoandikwa mu vitabu. Hapo mbolea yetu itang'aa. Ya pili: niweke kila kitu vile iko. Jury ya walimu itasema shamba moja, musimu mumoja, haionyeshi kitu, pengine wanirudishe mwaka muzima.

Nikamuuliza: ile ya kwanza haiko uongo? Akasema: walivuruga ao hawakuvuruga? Walivuruga. Basi.

Ni kweli. Walivuruga. Lakini kila nikijiambia hivyo naona Hakorimana na wenzake wanangoja nifurahi.

Na kuko kitu kingine. Wanasema pale nyuma ya institut zamani ng'ombe zilikuwa zinalala. Pengine udongo ule ulikuwa na nguvu déjà, mbolea haikupata kazi. Kwa udongo uliochoka ingeonekana. Pengine! Sijui. Nimesoma miaka yote hii nifike mahali pa kusema sijui?

Siku ya Mungu, 21/7

Tumegombana na Epiphanie, baada ya misa. Nilimuambia ninataka kusema vile tumepima. Hakukasirika kwa sauti, yeye hasira yake ni kufagia. Akafagia chumba chote, akafagia tena. Kisha akasema: mémoire ni yako, lakini mbolea ni yetu.

Akaendelea: ukisema haisaidii, wanafunzi watafanya nini na makobaye? Wewe njo uliwaambia wafuge. Uliwaahidi. Na Papa yako, atawaambia nini watu wa Mpofi? Na ukinyamaza, nani anakufa? Hakuna. Mavi ya kobaye haijaua mutu.

Yuko na haki. Na mimi niko na haki. Wote wawili tunalala chumba kimoja.

Siku ya ine, 8/8

Papa alipiga simu. Mifuko imekwisha, ilienda yote mpaka Ntoto. Wanaomba ingine. Niliuliza: maharagi yao imekuwaje? Akasema: ah, ni mapema, wengi hawajapanda, lakini watu wako na moyo. Watu wako na moyo! Nilitaka kumuambia. Nikamuuliza kama kiuno kinauma bado.

Siku ya kwanza, 19/8

Nimeweka mémoire ku bureau. Ni ile njia ya kwanza. Témoin “ilivurugwa na watu wengine.” Sentensi moja tu, unaweza kuipita bila kuiona. CT alisaini, akanipa mukono.

Hakorimana aliomba kusoma, nikamupa. Akarudi jioni. Alikuwa ameiona. Akauliza: watu wengine, ni sisi? Nikasema ndiyo. Akasema: pole, prezida, hatukujua. Yeye njo aliniomba musamaha. Yeye!

Nikamuambia haiko kosa lenu. Akafikiri ninamufariji.

Siku ya tano, 6/9

Niko nje ya salle, ku benchi. Mumoja yuko ndani anadefendre mémoire yake juu ya mihogo, kisha ni mimi. Blouse nyeupe ni yangu, kikwembe cha kujifunga ni cha Epiphanie. Wanafunzi wamejaa ku madirisha, Hakorimana amewapanga kama wako ku ndoa. CT alipita akasema: usiongeze maneno, soma tu kilichoandikwa.

Usiku wote nilisema nitasoma tu. Asubuhi nilisema nitasema yote. Sasa nasema, jury ikiuliza nitasema, isipouliza nitanyamaza. Huo ni uongozi? Nilikuwa mutu mwenye maneno mimi.

Kuko mama amekuja. Anaitwa Mama Nyiransengimana, anakaa mu kambi ya wakimbizi, Lushebere, amepata kipande cha shamba ku kilima, ya kuazima. Amekuja kwa miguu, kuku kwapani. Mvua imekaribia, anataka kupanda. Wamemuambia prezida wa mbolea yuko hapa, leo walimu wanamuuliza juu ya mbolea yenyewe. Akasema: basi nimefika siku muzuri.

Alikaa karibu yangu. Akauliza: mutoto wangu, hii kuku njo niliyo nayo. Nikikupatia, unipe mufuko, maharagi itaongezeka kweli?

Nikasema: Mama, ngoja kidogo. Nikatoa hii kaye ya kuandikia. Anafikiri ninaandika jina yake.

Mulango umefunguka. Secrétaire ameita: Kahambu. Ameita tena. Hakorimana ananionyesha na mukono niingie, Epiphanie amesimama pembeni ya mulango, haniangalii. Mama naye amesimama, anashika kuku vizuri na mikono mbili, na anangoja jibu kabla niende. Naandika sababu nikiacha kuandika itabidi nimuangalie