Mbwa wa Mama na Uji wa Moto

Jumatatu, 2 Juni

Kilo mbili na gramu mia moja. Wiki iliyopita alikuwa na kilo mbili na mia nne. Amesema Dokta Ambakisye, daktari wa mifugo wa hapa Uyole, saa tatu asubuhi, mtoto wa mbwa akiwa juu ya meza anatetemeka. Si ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa. Ameupima, haupo. Minyoo ilikuwapo, imetoka. Vidonge vya kuua vijidudu vimekwisha jana. Kuhara kupo palepale.

Maelezo yake kama alivyoyatoa: vidonge vimeua wabaya na wazuri kwa pamoja, tumbo limebaki shamba tupu, sasa lipandwe. Ameagiza Dar unga wa probiotiki, bakteria hai waliokaushwa, pakiti ndogo ishirini. Pakiti moja kila asubuhi ndani ya chakula. Uji wa mchele, kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kidogo kidogo mara tano kwa siku. Nikamuuliza kama unga utamponya. Akasema unga ni msaidizi, si mganga. Nimemheshimu kwa hilo. Wengi ninaowahoji hunijibu hata wasichokijua.

Habari mbili za kutuma redioni kabla ya saa kumi. Mbwa ametapika ndani ya begi la kinasa sauti. Nimechoka.

Jumanne, 3 Juni

Unga haujafika. Basi limeharibikia njiani.

Niweke kumbukumbu sawa. Mbwa si wangu, ni wa mama. Mama yuko Ruaha Mbuyuni, peke yake na vitunguu vyake. Mbwa wake wa zamani alikufa Machi. Aprili wezi wakabeba kuku wote na pampu ya kumwagilia. Kaka yangu Gidioni, aliye Dar, akataka kumchukua. Mama akagoma. Wakapatana mbele yangu: Gidioni anafika Jumamosi tarehe 21. Akikuta mbwa, mama anabaki. Asipokuta, mama anapanda gari bila maneno. Mama ameahidi, na ahadi yake haivunji hata ikimuumiza. Aliniambia pembeni: "Dar nitawekwa kwenye kochi, nitazame televisheni mpaka nife."

Mbwa mwingine sina. Huyu nilipewa Igawa na Mzee Masanja, mfugaji ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Usangu. Mbwa wenzake watatu wamekwishagawiwa. Wa mjini mama hawataki. Anasema mbwa wa mjini analinda jalala.

Kwa Mzee Masanja mnyama hatoki zizini mikono mitupu. Alinipa na kibuyu cha mtindi, akasema nimpe mbwa kijiko kila siku mpaka azoee kwangu. Mtindi niliuchemsha kwanza. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikitangaza "chemsheni maziwa", siwezi kumpa kiumbe maziwa mabichi ya zizini. Ukakatika mabonge na maji. Nikachuja, nikampa yale maji. Mengine nikamwaga.

Alhamisi, 5 Juni

Kilo mbili na gramu hamsini. Unga umefika jana mchana, nikaanza jana hiyohiyo.

Baridi ya kukata masikio. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Mwezi huu Uyole hakuna anayetia kitu cha baridi mdomoni, na mbwa naye nampa uji ukitoka jikoni. Namwagia pakiti, nakoroga, inayeyuka vizuri, namsubirisha kidogo, anakula. Pakiti nimezipanga juu ya rafu ya jiko la mkaa zisipate unyevu.

Mizani ni ya jirani, Mama Tusajigwe. Anakaanga maandazi barazani kwake kila asubuhi na hupimia unga. Ameniazima mizani ya zamani. Tunatandika gazeti, tunaweka beseni, tunaweka mbwa. "Gwe dada mwandishi," ameniambia leo, "huyu mbwa amesoma gazeti lenu ndiyo maana anaharisha." Wateja wakacheka. Nami nilicheka, kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Kilo mbili kamili. Kinyesi maji. Anakula nusu.

Dokta kasema tumpe wiki. Kasema pia nisimwongezee vitamini za vifaranga nilizoziona dukani. Nilikuwa nimeshazinunua. Nimempa Mama Tusajigwe, ana kuku.

Mama kapiga simu. Hakuuliza kuhusu mbwa. Aliuliza kama huku kuna baridi, na kama nakula. Akikwepa jambo hivyo, jambo hilo ndilo analoliwaza.

Jumatatu, 9 Juni

Naondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Makongolosi, mkutano wa wachimbaji wadogo. Nalala huko. Mbwa nimemwachia Mama Tusajigwe. Ili asihangaike nimemwekea kila kitu tayari: uji umeshachanganywa na pakiti ya leo, umo ndani ya chupa ya chai, utakaa moto mpaka jioni, na karatasi ya maelekezo: asipewe maziwa.

Jumanne, 10 Juni

Kilo moja na mia nane na hamsini. Macho yameingia ndani. Ukivuta ngozi ya shingo inabaki imesimama.

Nimefika saa nne, moja kwa moja kutoka kituoni hadi barazani. Wateja sita kwenye foleni ya maandazi. Karibu na mbwa bakuli, na ndani yake maji meupe. Nikasema kwa sauti kwamba nilikataza maziwa, na kwamba mtu mzima anayeshindwa kufuata maelekezo ya karatasi moja asijitolee kutunza kiumbe cha mwenzake.

Mama Tusajigwe hakupandisha sauti. Aligeuza maandazi yaliyokuwa karaini, akayaopoa, ndipo akanitazama. "Umemaliza kutangaza?" Akafuta mafuta mikononi. "Haya. Na mizani yangu naomba."

Nimemrudishia mizani. Mbwa nimempeleka kwa Dokta, akamtia maji chini ya ngozi, pande mbili, mgongo ukavimba kama nundu. Hakuniambia ataishi. Hakuniambia atakufa.

Nina hasira. Habari ya Makongolosi nimeituma ikiwa na kosa la tarehe. Mhariri kaliona. Mimi sikuliona.

Alhamisi, 12 Juni

Sina mizani, kwa hiyo sina takwimu. Kwa macho: mwembamba kuliko juzi. Dokta kamtia maji tena.

Gidioni kapiga simu saa saba mchana. Ameshasafisha chumba cha nyuma. Amenunua na neti. "Dada, usijilaumu, mbwa ni mbwa tu." Anasema kwa upole, ndiyo maana inauma. Yeye si mtu mbaya. Anaogopa simu ya kuambiwa mama amepigwa na wezi. Na mimi naiogopa.

Nilimpigia mama kumwambia ukweli. Nilisikia jogoo wa jirani yake. Halafu: "Basi mwanangu. Vitunguu nitamwambia jirani aving'oe." Ni mara ya kwanza namsikia akipanga kuondoka. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ijumaa, 13 Juni

Kosa ni langu. Lote.

Mambo yalivyokwenda: saa moja asubuhi Mama Tusajigwe alikuja kuchukua bakuli lake. Alisimama mlangoni, hakuingia. Mimi nilikuwa naepua uji. Nikamimina kwenye sahani, moshi unapanda, nikachana pakiti, nikamwagia, nikaanza kukoroga.

Akaniuliza, "Hiyo ndiyo dawa ya wadudu wazuri?"

Nikasema ndiyo.

"Wazima?"

Nikasema ndiyo, bakteria hai, wamekaushwa, wakipata maji wanaamka.

"Kama hamira."

Nikasema kama hamira.

Akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Dada, mimi nakanda maandazi mwaka wa kumi na tisa huu. Hamira ukiitia maji ya moto hivyo, unga hauumuki mpaka Yesu arudi."

Nikaokota karatasi ya pakiti. Nyuma, maandishi madogo, mstari wa nne: changanya na chakula kilichopoa. Mstari wa tano: hifadhi mahali pa baridi. Rafu ya jiko la mkaa. Chupa ya chai kutwa nzima. Pakiti kumi, siku kumi. Nimekuwa nikipika dawa. Na uji ule uliokaa kwenye chupa kutwa, mwenyewe nisingeunywa.

Nikamuuliza yale maji meupe ya Jumanne yalikuwa nini. "Ya mchele. Uji wako ulinuka jioni, nikamwaga, nikamchemshia mchele, nikampa majimaji yake yakiwa yamepoa. Ungeuliza ungeambiwa." Akachukua bakuli, akaondoka.

Miaka ishirini na saba. Kila kijana aliyepita mikononi mwangu nimemfundisha: sikiliza upande wa pili kabla hujaandika.

Nilimpigia Dokta. Aliguna, akasema hakuwaza kunionya, alidhani nitasoma karatasi. Nami ningedhani hivyo. Pakiti zilizobaki nizihamishie kabatini, tujaribu, uji uwe wa kugusika kwa kidole. Halafu nikampigia Mzee Masanja, nikamweleza na habari ya mtindi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha nikamsikia akiwaambia watu wake kwa Kisukuma, nao wakacheka. "Mwandishi! Umepika mtindi? Maziwa yanachemshwa kwanza, yakipoa ndiyo unagandisha. Wewe umeanzia mkiani!"

Jumamosi, 14 Juni

Uji uliopoa. Pakiti ya kumi na moja. Alikula robo tatu. Sina tumaini wala sijakata tamaa. Naandika tu.

Nilimwendea Mama Tusajigwe jioni, baraza tupu, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho akichekecha unga. "Nimepokea. Lakini, dada mwandishi, uliponitukana watu walikuwepo. Redioni mkikosea mnasahihisha saa ngapi?"

Nikasema kipindi kilekile kosa lilipotoka.

"Eeh. Kipindi changu saa moja asubuhi."

Jumapili, 15 Juni

Saa moja asubuhi. Foleni ya watu kama kumi, wengi wanaelekea ibadani. Nilisimama mbele ya karai, nikasema: Jumanne nilimtuhumu Mama Tusajigwe hapa kwamba alimpa mbwa maziwa. Hakumpa. Mbwa aliumizwa na dawa niliyoiharibu mimi mwenyewe kwa uji wa moto. Namwomba radhi.

Nimesoma taarifa za vifo, za mafuriko, za uchaguzi. Hii ilikuwa ngumu zaidi.

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Rudia, huku hatujasikia!" Nikarudia. Mama Tusajigwe hakutabasamu, ila aliingia ndani akatoka na mizani, akaiweka kwenye benchi, gazeti limeshatandikwa.

Kilo moja na mia nane. Hajapungua tangu nilipomkadiria kwa macho Alhamisi. Pengine.

Jumatano, 18 Juni

Kilo moja na mia tisa na themanini. Nimepima mara mbili. Mama Tusajigwe akapima ya tatu, hatuamini.

Kinyesi kimeshikana, mara ya kwanza tangu aje. Watu wazima wawili tumeinama barazani tunatazama kinyesi cha mbwa kwa furaha. Mteja mmoja akaacha maandazi yake akaenda zake.

Dokta kasema usimsifu unga peke yake. Maji aliyotiwa yamefanya kazi, chakula kimefanya kazi, na kuacha kumlisha chakula kilichoharibika kumefanya kazi. Nimeandika yote kwa mpangilio huo.

Saa tisa alibweka. Aliibwekea ndoo.

Sijamwambia mama. Nimekwisha kumvunja moyo mara moja mwezi huu.

Ijumaa, 20 Juni

Kilo mbili na gramu mia moja na sitini, mezani kwa Dokta Ambakisye. Bado pungufu ya alivyokuja. Dokta kaandika kwamba anaweza kusafiri, nami nimemwomba aandike na tarehe, maana Gidioni ni mtu wa karatasi.

Nilimpigia mama mchana. Safari hii aliuliza mwenyewe. Nikampa uzito, chakula, hali ya choo, kama taarifa ya habari. Akaniambia nisubiri, nikamsikia akimpigia kelele mtu shambani: "Viache hivyo vitunguu! Viache, nimesema!" Akarudi kwenye simu. "Mwambie kaka yako aje na mnyororo wa mbwa. Masanduku ayaache Dar."

Nimempelekea Gidioni ujumbe huo neno kwa neno. Amejibu: "Mnyororo wa urefu gani?"

Mizigo imefungwa. Pakiti tatu zilizobaki, ndani ya bahasha, mbali na chakula. Kibuyu cha Mzee Masanja nimekiosha. Maziwa huko kwa mama yatachemshwa kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Dokta karuhusu kijiko kimoja kwa siku, si zaidi. Maandazi kumi na mawili ya njiani, sikuyaomba. Karatasi ya kubandika jikoni kwa mama, kwa herufi kubwa maana miwani yake imevunjika: UJI UPOE KWANZA.

Mbwa amelala juu ya begi la kinasa sauti. Jina hana. Mama atampa.

Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Chanjo ya pili ni Jumamosi, tarehe 5 Julai, kwa bwana mifugo wa kata, Ruaha Mbuyuni.