Nusu ya Pensheni ya Mwanao

3 Februari

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, presha imetulia.

Nasikia talaka haikukutosha, sasa unataka mahakama ikupe nusu ya pensheni ya mwanangu. Jamani! Miaka thelathini kavuja jasho kwenye pampu za maji, wewe hujashika hata spana. Ofisi yako ilipokupunguza kazini hukutafuta nyingine, ukakaa nyumbani, yeye akakulisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nakuomba kwa adabu, futa kesi.

Mama mkwe wako

19 Februari

Shikamoo mama,

Nashukuru presha imetulia. Punguza chumvi, nakujua. Mimi mzima, nimepanga chumba nyuma ya duka la vitabu.

Kesi sifuti. Barua hii nimeichana mara tatu, maana ina jambo ambalo mimi na mwanao tuliapa usilijue. Lakini mficha uchi hazai. Sikupunguzwa kazini, mama. Niliacha mwenyewe, wiki ile kiharusi kilipokuangusha. Hakukuwa na mtu wa kukugeuza kitandani, na yeye angeacha zamu zake asingeifikia pensheni. Tukakubaliana tukwambie nimepunguzwa, usijione mzigo. Mzigo hukuwa, wala sijuti.

Ila sasa uongo ule ule ameupeleka mahakamani: eti nilipunguzwa, nikabweteka. Ofisi yenyewe ilishafungwa, majalada hayapo. Ningebaki kupiga chapa, leo ningekuwa na pensheni yangu, nisingegusa ya mtu. Kesi inasikilizwa tarehe 12 Mei. Nitakwenda hata kama ni peke yangu.

Mkweo

30 Aprili

Shikamoo mama,

U mzima? Umenyamaza wiki kumi. Jirani yako kaniambia anakuona barazani, nikapumua.

Kama umenikasirikia, haya, nitavumilia. Lakini tarehe 12, saa mbili asubuhi, nipo mahakamani. Dawa zako za mwezi huu ziko kwa mfamasia, nimeshalipia.

Mkweo

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila nilinuna kweli. Miaka tisa mnanidanganya kama mtoto!

Kisha nikamwita mwanangu. Nikamuuliza mbele ya dada yake: mkeo alipunguzwa, au aliacha kazi kwa ajili yangu? Akaangalia dari. Nikamwambia dari haina mdomo, nijibu wewe. Akasema, "Aliacha, mama. Lakini mambo ya mahakama usiyaingilie." Nikampa wiki mbili akaseme kweli mwenyewe. Hakwenda. Nimelia, sikufichi, aibu ya mwana inamchoma mzazi.

Jana nikaenda kwa karani wa mahakama, nikaandikisha jina langu kuwa shahidi wako. Akaniuliza, "Bibi, unajua huyu unayetoa ushahidi dhidi yake ni mwanao?" Nikamwambia najua, nilikuwepo alipozaliwa.

Nitasema yote: kazi uliyoiacha, na alivyokiri mbele yangu. Mwanangu ataninunia, na akishiba kununa atarudi. Usihangaike kuja kunichukua. Nitakuja kwa miguu hii uliyonifundisha upya kutembea, kutoka kitandani mpaka mlangoni, miezi kumi na minne.

Na acha kuniandikia "mkweo". Talaka kakupa yeye, mimi sijakupa.

Mama yako