Kwa Baba Samiha, Mkata Nyimbo wa Ukumbi wa Mlimani

Kipupwe kimerudi, Baba Samiha, na mwaka umetimia tangu ulipotangulia mbele ya haki. Hitima tumekusomea Ijumaa, waalikwa wamekula pilau, wametuombea subira na kwenda zao. Subira yenyewe bado sijaiona. Kwa hiyo nimeamua kusema nawe hapa gazetini, na wenye kusikia na wasikie.

Asiyekujua na ajue kwamba Badawi alikuwa na duka la taa na redio pale Chaani, akiuza na kutengeneza, na kwamba Jumamosi za kipupwe alipiga fidla katika ukumbi wetu wa mlimani. Tunauita wa mlimani, ingawa mtu wa Taita akiuona mlima wenyewe atatucheka. Lakini baridi yetu ya Juni hadi Agosti tunaiheshimu. Watu walijitanda kanga mbili, wakapanda kwenye taarabu wakaketi wamebanana, wanaume upande huu na wanawake upande ule wa pazia.

Muziki peke yake haukukutosha. Tangu mwaka ule Warusi waliporusha chombo chao cha kwanza kikaizunguka dunia, ulishikwa na maradhi ya anga. Ulisikiliza redio mpaka chai ikaingia nzi. Ulinifuata jikoni ukanieleza mwezi uko mbali kiasi gani na jua lina ukubwa gani, nami ninakuna nazi. Siku moja nikakwambia, "Baba Samiha, hebu nenda kawaeleze na wengine, wageni watakuja na wali haujaungwa." Nilikuwa nakufukuza tu. Wewe ukaenda kweli.

Mara ya kwanza uliyaweka mazungumzo yako kabla ya muziki. Watu wakachelewa makusudi. Mara ya pili ukayaweka mwisho, na wimbo wa kufungia ulipokwisha walitafuta viatu vyao huku wewe unafungua mdomo. Ulirudi nyumbani umenuna, hukula. Ndipo ukazua ule ubaya wako.

Mwanarehema, mwimbaji wenu, alipofika ubeti ulio mtamu kuliko yote, mpenzi keshalalamika na jawabu bado, uliiweka fidla pajani. Udi ukanyamaza, dumbaki likanyamaza. "Haya, ndugu zangu," ukasema, "natutazame mambo ya juu kidogo." Ukumbi mzima uliguna. Lakini hapana aliyeondoka, kwani nani atakubali kulala bila kujua mpenzi kajibiwa nini?

Mwanarehema alikuja nyumbani kukushitaki kwangu. "Wallahi, Bi Khairiya, mumeo anikata koo. Sauti ikipoa nani ataipasha?"

"Nyota hazitachukua muda, dada," ukamjibu.

"Za juzi zilichukua."

Hukuacha. Kipupwe baada ya kipupwe ulizikata nyimbo, na watu walioguna mwanzoni wakaanza kuuliza maswali. Jirani yetu Kenga, mpakuzi wa bandarini, aliuliza kile chombo kinachozunguka huko juu mbona hakianguki. Ukaitisha ndoo ya maji ukaizungusha juu ya kichwa chako, na tone halikumwagika. Kisha Kenga akauliza swali jingine, nawe kwa adabu zako ukasimama kumjibu, mkono nao ukasimama. Maji yote yalimwishia Mzee Ghanim, mwenyekiti wa kamati, aliyeketi mbele na kanzu mpya. Wanawake walicheka mpaka pazia likaanguka.

Katika miaka hii ya ugomvi wa siasa, wanaotaka Mwambao, pwani yetu hii, uwe nchi peke yake na wasiotaka hata kulisikia neno hilo waliketi benchi moja ukumbini mle. Nje hawakusalimiana. Ndani walingoja pamoja mwisho wa wimbo, na wakingoja walijifunza kitu. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya, na ninaieleza kwa sababu wapo wanaosema ulikuwa mpiga fidla tu.

Jumamosi yako ya mwisho uliukata wimbo ulioutunga mwenyewe. Ukaanza kueleza jinsi mtu atakavyosafiri kwenda mwezini, kikohozi kikakushika, kikakataa kukuachia. Ukawaambia watu, "Niwieni radhi. Mazungumzo na wimbo tutavimalizia Jumamosi ijayo." Jumamosi ilipofika tulikuwa tumeshakuzika. Daktari alisema ni mapafu. Mimi nasema ni koti, lile uliloliacha msumarini kila jioni ulipotoka kwenda kutazama vyombo vinavyopita angani, nami nikikupigia kelele dirishani. Mpaka leo nikiliona lile koti nashikwa na hasira, kisha nalia.

Mwezi huu Mzee Ghanim na wanakamati wake walikuja nyumbani. Wameubandika ukumbi jina lako, kibao kizuri cha rangi ya kijani. Wakasema wataandaa taarabu ya kukukumbuka, na wimbo wako utamaliziwa. Nikashukuru. Kisha nikauliza, "Na mazungumzo?" Binti yako Samiha yupo, anasomesha darasa la kwanza. Kila ulichokijua amekichukua, na penye makosa amekusahihisha. Alikuwa tayari kuendelea pale ulipoachia.

Mzee Ghanim akaweka mkono kifuani. "Bi Khairiya, hilo tumelifikiria sana. Tutayaweka mwisho kabisa. Kwa kawaida yetu mkubwa ndiye hufunga shughuli. Hiyo ni heshima ya Badawi."

Nikamwambia mwisho Badawi mwenyewe alikwishaujaribu, ukamshinda. Akatabasamu. Aqil, ndugu yako, ambaye hajapata kuiona heshima bila kuishukuru, akadakia, "Ahsante, Mzee Ghanim, mmetufanyia hisani kubwa." Basi, likapita. Mtu akikutukana utajua la kumjibu. Akikuheshimu vibaya utasema nini? Ukikataa, wewe ndiye usiye na adabu.

Jumamosi iliyopita tukapanda mlimani. Mwanarehema aliimba vizuri mno, sitamnyima haki yake. Akafika kwenye ule ubeti, nami nikangoja fidla iwekwe pajani. Wakapita. Mpiga fidla mwingine aliuvuka ubeti ule bila hata kupunguza mwendo, na wimbo wako ukaimbwa hadi mwisho. Mpenzi akajibiwa. Watu wakashangilia, wakasimama, wakatafuta viatu.

Mzee Ghanim alisimama mlangoni akisema, "Jamani, bado, bado kuna mazungumzo." Walimpa mkono mmoja mmoja. "Hongera, Mzee. Shughuli imefana." Wakashuka mlima.

Samiha alibaki mbele ya mabenchi. Walioketi tulikuwa sisi wa nyumbani, Kenga na mkewe Nyamvula, na Mwanarehema aliyekuwa akinywa maji. Mwanao alianza. Alisema maneno machache, na huku nyuma mwenye mabenchi anayapanga moja juu ya jingine kwa kishindo. Akakaa chini, akakunja mikono. Kenga alimwambia, "Sema, mwanangu, sisi twasikia." Akatikisa kichwa.

Nilikasirika, Baba Samiha, na bado nimekasirika. Nimemkasirikia Ghanim kwa heshima zake, Aqil kwa shukrani zake, na watu wa Chaani kwa haraka zao. Wewe pia nimekukasirikia. Ulituachia hila isiyofanya kazi ila uwepo wewe mwenyewe. Mwezi uliopita mwanamke, mwanamke mzima kama mimi, amepanda juu ya dunia hii, akaizunguka siku kadhaa na kurudi salama. Hapa kwetu hapana aliyekatiwa wimbo ili aelezwe alifikaje huko. Twajitayarisha kupata uhuru, kila mtu anataka kuhutubia, na nafasi ya msichana mmoja kueleza jambo analolijua haipatikani ila ukumbi ukiwa mtupu.

Kesho yake Mzee Ghanim alikuja kutushukuru. Samiha akamsalimu kwa shikamoo, akamletea kahawa. Mzee akasema ameona yaliyotokea na hayakumpendeza, na mwakani, inshallah, watamtafutia nafasi nzuri zaidi.

"Nafasi sitaki, Mzee wangu," Samiha akamwambia. "Nataka kiti cha baba."

"Kiti gani, mwanangu?"

"Cha fidla. Mwenye fidla ndiye akataye wimbo."

Mzee Ghanim alicheka, akanigeukia ili nami nicheke. Sikucheka. Akairudia kahawa yake.

Fidla yako imeshuka ukutani. Kila alasiri Mwanarehema huja, humwimbia Samiha polepole, naye humfuata kwa kukwaruza. Sauti inayotoka ni ya paka aliyebanwa na mlango. Dada yako Suad amehamishia ushoni wake uani, majirani wametuma watu wawili kulalamika, na mimi kichwa kinaniuma tangu Jumapili. Nimewajibu majirani kwamba hali hii itaendelea. Basi watu wa Chaani, mlioshuka mlima kwa haraka Jumamosi ile, kipupwe kijacho njooni tena na kanga zenu, na mkae vizuri. Mwisho wa wimbo mtausikia akitaka mwanawe Badawi.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Baba Samiha, akupe huko mwanga wa kutazama uliyokuwa ukiyatazama. Ni sisi ambao hatutakusahau maadamu tunapumua: mkeo Khairiya, binti yako Samiha, ndugu yako Aqil, dada yako Suad, na majirani zako Kenga na Nyamvula, ambao wamesema waandikwe pamoja na jamaa, na jamaa wamekubali.