Mashine ya geti la nyuma

We mwenzangu, uko hapo? Nimemponza mzee wa watu. Mimi! Kwa mikono yangu hii.

Yule mlinzi wa geti la nyuma aliyefukuzwa juzi, eti kila asubuhi anatoroka zamu kabla ya saa kumi na mbili. Hajatoroka hata siku moja!

Leo nimeingia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti cha ofisi, nakuta saa yake iko nyuma dakika ishirini na sita. Na mashine ya vidole ya geti lile, inayoandika muda wa mtu kutoka, inafuata saa ya ruta.

Mwezi uliopita nilipokaza ulinzi wa mtandao, niliifungia hadi njia ya kuulizia saa huko nje. Basi umeme ukikatika inazima, ukirudi saa yake inaendelea palepale ilipoishia.

Mzee alijitetea kwa bosi, "Natoka nikisikia redio inaanza habari za saa kumi na mbili." Tukacheka. Na mimi ndiye niliyemwambia, "Mzee, mashine haidanganyi." Nilisema hivyo, mwenzangu!

Kuirekebisha ni mstari mmoja tu wa amri. Sekunde mbili, saa imekaa sawa.

Nimempigia sasa hivi. Kabla sijafungua mdomo kaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile saa yenu imepona?"