Nilivyoinyamazisha Pikapu kwa Ajili ya Mama Yako

Mabira,
S.L.P. 41,
Karagwe.

Jumapili, 14 Juni 1992

Mpwa wangu mpendwa Gosbert,

Nakusalimu kutoka huku kwetu, ambako kiangazi kimeanza na ukungu wa asubuhi unakawia kuondoka migombani. Hujambo? Mkeo Immaculata hajambo? Na kile kifua cha mtoto wenu mdogo, ulichokitaja katika barua ya Krismasi ya mwaka juzi, kilipona? Najua nimechelewa kuuliza. Lakini barua yako ya mwisho niliyo nayo ni hiyo, kwa hiyo kwangu mimi mtoto bado anakohoa.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya umri wangu. Magoti yanasumbua nikiinama kwenye kahawa, macho bado yanasoma. Tangu mke wangu Verdiana afariki, na huu ni mwaka wa nne, nyumba hii ina vyumba vingi kuliko watu. Jioni redio huzungumza nami. Betri zikiisha, tunanyamaza wote wawili.

Kahawa imeiva vizuri mwaka huu. Migomba ya upande wa bondeni imeshambuliwa na fukusi, nimeing'oa kiasi.

Leo nataka kukueleza habari ya pikapu. Usicheke, ni habari ndefu na ina sababu. Unaikumbuka ile ya buluu, iliyokupeleka Bukoba kupanda meli ulipoondoka miaka tisa iliyopita. Bado inatembea. Kila Alhamisi napakia mikungu ya ndizi, napita Kibingo kumchukua dada yangu, yaani mama yako, nampeleka hospitali ya misheni, kisha tunarudi kwa kupitia Kayanga. Tulianza safari hizo mwaka jana.

Sasa, gari lile lilikuwa na kelele za kutisha. Injini ni ya dizeli, barabara ni ya mawe, na bati la milango limezeeka. Mtu aliyekaa karibu nawe ukitaka akusikie ni lazima upige kelele kama unayemwita aliye ng'ambo ya bonde. Tena unajua nyuma ya pikapu hakukosi watu. Huku kwetu huwezi kumpita mtu barabarani na gari lenye nafasi. Na kile kioo cha nyuma kilivunjika zamani, nikaweka kipande cha turubai.

Siku moja mama yako alitaka kunieleza habari ya mbuzi wa shemeji yake Yustus, aliyeingia kwenye maharage yake. Alianza kwa sauti ya kawaida, nikasema, "Sikusikii, dada." Akapandisha. "Bado." Akapiga kelele, "Nasema mbuzi wa Yustus amemaliza maharage!" Mara mwanamke mmoja akaitikia kutoka nyuma, "Hata yangu jamani, waitu! Yule mbuzi hana adabu kama mwenyewe!" Watu wote wakaangua kicheko, na kesho yake Yustus alikuwa na habari zote.

Tangu siku hiyo mama yako alifunga mdomo. Akipanda, anaegemea mlango na kutazama nje mpaka tunafika. Lakini mimi nimemjua dada yangu kwa miaka sitini na minane. Niliona kuwa ana neno. Mara mbili aligeuka kunitazama, akasikiliza ile ngurumo, akageukia tena dirishani. Nyumbani kwake hawezi kuzungumza, maana pale uani kwa Yustus na kwake ni kama chumba kimoja, na watu hawatoki. Mahali petu pekee pa kuwa wawili ni mle ndani ya gari. Nikasema moyoni, kama neno lake linazuiwa na bati, basi bati nitalinyamazisha.

Nilianza kwa kosa, nalo ni kosa la mtu wa huku. Sisi hutumia majani makavu ya mgomba kwa kila kitu: kufungia, kulalia, kuezekea, kufunika pombe. Kwa hiyo nilifungua milango, nikaishindilia majani makavu mpaka ikajaa. Alhamisi ya kwanza kelele zilipungua kweli, nikajisifu. Ya pili mvua ilinyesha, majani yakanyonya maji na kuanza kunuka. Ya tatu vioo vilikataa kushuka. Ya nne panya alitoka penye mpini wa mlango, akapita juu ya magoti ya mama yako. Hapo nilimsikia vizuri sana, na waliokuwa nyuma pia walimsikia.

Nikaenda kwa Theoneste, fundi wa pale Kibingo, Mnyarwanda aliyekuja nchini na wazazi wake zamani za vita vya kwao, akahamia Kibingo wewe ukiwa umeshaondoka. Alifungua mlango, akachomoa majani meusi, akanitazama.

"Mwalimu, hapa ulikuwa unatengeneza gari au unaivisha ndizi za pombe?"

"Tengeneza, Theoneste, acha maneno."

"Natengeneza. Lakini nikikuta senene humo ndani, ni wangu."

Theoneste ana akili, na alichonifundisha nitakueleza, maana na wewe huenda ukawa na gari siku moja. Kelele za ndani ya gari ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya bati lenyewe. Unaikumbuka ile ringi ya gari tuliyoigonga shuleni kama kengele? Ukiigonga inalia mpaka mtaa wa pili. Ukiishika kwa kiganja na kuigonga, inasema "du" na kunyamaza. Bati la gari nalo ni hivyo hivyo, linahitaji kiganja. Tulikata tyubu kuukuu za matairi vipande vya ukubwa wa daftari, tukalisugua bati kwa msasa na kulifuta kwa petroli mpaka likatakata, tukabandika vipande hivyo kwa gundi ya pancha milangoni, sakafuni na darini. Si lazima kufunika kila mahali. Unagonga kwa vidole, na pale panapolia ndipo unapobandika.

Kelele ya pili huingia kwa matundu, na hii haijali uzito wa bati. Tundu dogo la kupitisha kidole linaingiza ngurumo kama mlango uliosahaulika wazi. Tuliyaziba matundu ya pedeli na ya mti wa gia kwa mpira, tukaweka kioo nyuma mahali pa turubai, na kuzungushia milango mpira mpya. Juu ya sakafu tukatandika sponji ya godoro la marehemu Verdiana, kisha magunia mawili ya kahawa. Nilisita kulikata godoro lile. Lakini lilikuwa limelala peke yake muda mrefu.

Yale matundu madogo ya chini ya mlango hatukuyaziba, maana ndiko maji ya mvua yanakotokea. Na karibu na ekzosi hatukuweka sponji, isije ikashika moto. Kazi yote ilituchukua siku sita.

Alhamisi iliyofuata nilimchukua mama yako. Tulipopita kilima cha kwanza, alinishika mkono, akauliza, "Gari limezimika?" Nikamwambia linatembea. Akatazama nje kuhakikisha miti inapita. Nyuma watu walikuwa wakiimba nyimbo zao, nasi tukawasikia kwa mbali tu. Akageuka kunitazama, na safari hii hakugeukia tena dirishani. Kisha, kwa sauti ile aliyokuwa akinibembeleza nayo utotoni, akanieleza lile neno. Alinieleza alichoambiwa na daktari.

Alipomaliza akasema, "Gosbert usimwandikie."

"Dada, ni mwanao."

"Ndiyo maana. Akija, aje kwa kuwa amenikumbuka. Asije kwa kuwa ameitwa."

"Na asipokumbuka?"

"Endesha gari, mdogo wangu."

Nikaahidi. Zamani ningeweza kusema sikumsikia vizuri. Siku hiyo nilisikia kila neno, na sina pa kujificha. Kwa hiyo, mpwa wangu, alichosema daktari sikuandikii, wala hukupata kwangu. Nitakuandikia tu yale ambayo hata abiria wa nyuma wanayaona. Mwaka jana alikuwa akipanda garini mwenyewe. Sasa namnyanyua, na ni mwepesi. Kiti cha mbele kinachukua watu watatu, lakini yeye bado anajibana mlangoni, na pale katikati haruhusu hata kikapu kikae.

Jambo jingine sikulitazamia. Nikishamshusha Kibingo jioni, narudi Mabira peke yangu ndani ya kimya kile nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Zamani ngurumo ilikuwa ikinijaza kichwa mpaka nafika. Sasa nasikia pumzi yangu. Njia imekuwa ndefu, Gosbert, na nimeanza kuhesabu Alhamisi.

Sikuiti, maana nimeahidi. Nakueleza ratiba yangu tu, kama mwalimu mstaafu asiyeweza kuacha ratiba. Kila Alhamisi, saa nane mchana, tukitoka hospitali, tunasimama Kayanga penye basi la kutoka Bukoba. Nasimama pale hata nikiwa sina mzigo wa kupokea. Dada yangu hukaa garini na kutazama wanaoshuka, mpaka wa mwisho. Anayeshuka na kufungua mlango wetu atakuta pale katikati pako wazi. Na hatalazimika kupaza sauti.

Nisalimie Immaculata na watoto wote. Binamu yako Kokushubira anakusalimu, na Theoneste fundi pia, ingawa hakujui. Mungu azilinde njia zenu zote, na za nchi kavu na za ziwani.

Ni mimi mjomba wako, ambaye hajaacha kukupenda,

Cassian