Tausi Wako Ameota Mkia

Wifi yangu wa mkono wa shoto,

Tausi wako ameota mkia. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Alhamisi baada ya alasiri nimetia mshono wa mwisho, nikakata uzi kwa meno kama ulivyokuwa ukinigombeza nisifanye, na kile kitambaa chetu kimekamilika. Tausi wawili wanatazamana, birika la maua katikati yao. Nikageuka kukuambia, nikakuta kiti chako kimejaa nguo za kupiga pasi.

Unakumbuka tulivyokipata? Kwenye mitumba pale Mgandini, chini ya rundo la mapazia: kitambaa kigumu chenye vitundu vidogo kama chekeche, picha yote imechorwa kwa rangi, hakijaguswa na sindano. Muuzaji alidhani ni zulia la mlangoni. Ukanifinya kiuno ili nisionyeshe hamu. Nyuzi hazikuwepo, basi tukawa tunanunua masweta ya sufu, ambayo kwa joto hili la Tanga hakuna anayeyagombania, tunayafumua barazani huku wapita njia wakituuliza kama tu wazima. Shingo za tausi wote wawili zilitoka kwenye sweta moja la bluu. Ulisema, "Huyo aliyelivaa huko kwao akijua limekuwa ndege, atalia."

Tukagawana. Tausi wa kushoto wangu, wa kulia wako, na fremu aliyotuchongea fundi ikakaa mapajani mwetu sote wawili. Tatizo likaja kwenye viwiko. Mimi nashona kwa kulia, wewe kwa kushoto, na tulivyokaa mikono yote miwili ilikutana katikati, ikigongana kila baada ya dakika. Ungeweza kuhamia upande wa pili, lakini hukutaka, kwa sababu huko upepo wa dirisha haufiki. Nikikulalamikia unajibu, "Wifi, kiwiko changu kimekuja na mahari, chako kimezaliwa hapa. Nani mgeni ahudumiwe?" Hata sasa hivi ninavyoyaandika maneno hayo nacheka peke yangu.

Mama naye siku ya kwanza alipokuona na sindano mkono wa shoto alisimama akakukazia macho. Nikadhani atakusema, unamjua alivyo. Akavuta mkeka akasema, "Wa kulia ule, wa kushoto ushone. Kila mmoja na kazi yake." Ulimpenda mama kuanzia siku ile, uliniambia mwenyewe.

Kisha ikaja talaka. Ya kaka na wewe ni yenu, na barua hii siyo ya hayo. Nakumbuka tu ulivyopakia vitu vyako kwenye bajaji, ukarudi ndani mara moja, nikadhani umesahau kitu. Ukasimama mbele ya ile fremu, tausi wangu mzima, wako na shingo na kifua bila mkia. Nikakwambia uchukue. Ukasema, "Kiache. Hiki hakina mwenyewe mmoja." Ukaenda zako kwenu Kigombe.

Idi iliyofuata nikakupigia simu. Ukapokea ukasema, "Ee, Mwanaisha, hujambo?"

Tangu uolewe nyumbani kwetu hukuwahi kuniita kwa jina langu. Niligeuka kama vile kuna Mwanaisha mwingine nyuma yangu. Nikajibu sijambo, tukaulizana habari za mvua, tukaagana kwa heshima zote. Sikulaumu. Labda nawe ulishika simu ukawa hujui uniiteje. Lakini nililia, Wifi, kwa kitu kidogo kama hicho. Mama akaniuliza, nikamweleza, naye akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wifi ni kwa ndoa. Ndoa ikishakatika, uwifi unatoka wapi? Na mtoto hakupatikana wa kuwafunga." Mume na mke wakiachana watu wanauliza habari za vyombo, za kitanda, za nyumba. Wanawake wawili waliokuwa wakishona pamoja, wao wanabaki kuwa nani, hakuna anayeuliza. Mimi nilitaka kujua.

Ndipo nikaiteremsha fremu pale ukutani. Nikawa nikitoka kufundisha watoto wa chekechea nakaa dirishani na tausi wako. Siku ya kwanza tu nikaona ubaya wake. Mishono yangu inalala kulia, yako inalala kushoto. Tulipokuwa pamoja sikuiona tofauti, kila mtu alikuwa na ndege wake. Sasa ninatia mkia wangu kwenye mwili wako, na pale vinapokutana inaonekana kama nywele zilizochanwa na watu wawili wenye ugomvi. Nikajaribu mkono wa shoto. Nilijidunga mpaka mama akaninyang'anya sindano. Akakiangalia kitambaa akasema, "Fumua hii ya upande huu, ushone yote kwa mkono wako, kiwe kitu kimoja."

Kwa upande wa kazi alisema kweli. Nikachukua mkasi, nikaingiza ncha chini ya uzi wa bluu shingoni mwa tausi wako, na mkono ukakataa. Nikiufumua ule uzi, ndani ya nyumba hii hakitabaki kitu ulichokishona wewe. Nikaurudisha mkasi kwenye kopo.

Kilichonisaidia ni uzembe. Jioni moja nilisinzia, fremu ikateleza ikalala ubavu. Nilipoitazama hivyo ilivyolala, nikaona mishono yangu mwenyewe imelala kama ya kwako. Wifi, nilikaa mdomo wazi. Nikaanza kuishona fremu ikiwa ubavu, tausi wako kalala kama mgonjwa wa malaria, na kila nikiisimamisha mkia unafuata mwili sawasawa. Sisemi ilikuwa rahisi. Ule mkia unaua macho. Kijani kiliisha mara mbili, nikarudi Mgandini kutafuta sweta, na duara moja la manyoya nililifumua hata nikalichukia. Sasa navaa miwani, na najua utanicheka.

Alhamisi nikakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Wangu anaegemea kulia, wako kushoto, kwa hiyo wote wawili wanaegemeana, kana kwamba kuna umbea wanapeana juu ya lile birika. Kama ningefumua, kisingekuwa hivi. Mama akaja, akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Mkwe akikiona hiki atapiga vigelegele." Mara akasikia neno alilolitamka. Tukatazamana. Akaenda zake jikoni, na niliposikia anaulizia kama unga wa mchele upo, nikajua amekumbuka mkate wa kumimina unavyoupenda.

Basi sikiliza. Ijumaa ijayo nakuja Kigombe. Nimekifunga ndani ya kanga, na mkate utakuwa kwenye kikapu, usimwambie mama kuwa umezidi sukari. Kitambaa kitakaa kwako mpaka Idi, halafu utakileta wewe. Kaka yuko Dar siku hizi, hutamkuta. Idi nyingine nitakurudishia mimi tena, na hivyo hivyo, mpaka tuzeeke tushindwe kukibeba. Hakina mwenyewe mmoja, wewe ndiye uliyesema.

Nina furaha na nina woga, vyote viwili. Nikibisha hodi, tafadhali usifungue upesi. Uliza kwanza, "Nani?" Nataka unisikie nikijibu:

Ni mimi, wifi yako.